Nukta Tupu

Danstan alikuja Msimbati na mkasi na dumu la spiriti,
akanilipa elfu kumi kwa siku nimwoneshe mashimo.
Miaka ishirini na sita nachokoa tope kwa ndoano ya nondo,
mkono umezama hadi kwapani, shavu linagusa maji.
Hakuna aliyewahi kunilipa kwa kujua.

Kaa koko arobaini.
Kila mmoja nilimfunga magando kwa chane ya mwaa,
naye akamkata ncha ya mguu, kama punje ya mpunga,
akaitumbukiza kichupani, akaandika namba,
akamwachia aende zake akichechemea.
Nikauliza: mguu hautaota tena?
Utaota, akasema. Nilijua. Nilikuwa nampima tu.

Nikamwambia, wa Sudi ana gando jekundu kama tofali la kuchoma,
wa Mikindani ana mgongo wa kijani cha chupa,
na huyu wetu, anayekunywa maji ya Ruvuma,
ni mweusi, mzito, mkaidi.
Hawa si ndugu. Hata mchuzi wao ni mbalimbali.
Akacheka. Akaliandika na hilo.

Mama yao akishajaa mayai hutoka mikokoni,
akaenda kina kirefu kuwamwaga.
Watoto mamilioni, wadogo kuliko chembe ya chumvi,
hawana gando, hawana kwao.
Mkondo unawabeba wiki tatu, wiki nne,
unawatua pale unapochoka.
Basi jina lao ni uongo: kaa hakai.
Anayekaa ni mimi.

Baada ya miezi tisa alirudi na karatasi.
Herufi nne tu, zimerudiwa kurasa kwa kurasa,
kama za mtoto wa darasa la kwanza aliyeadhibiwa.
Halafu mchoro: duara kubwa katikati,
viduara vinalizunguka, vimeshikwa kwa vijiti.
Hili kubwa, alisema, ni bibi mmoja.
Sudi wamo. Mikindani wamo. Lindi wamo, hadi Kilwa Masoko.
Rangi ni ya tope, mama, si ya damu.
Na kila kijiti ni herufi moja iliyokosewa katika kunakili,
kosa likazaa, likawa ukoo.

Hilo sikuhitaji kufafanuliwa.
Mdogo wangu alivuka Ruvuma akiwa Hadija.
Kule Palma wakamwita Atija:
herufi moja ilianguka mtoni, nyingine ikageuka,
na binti yake wa kwanza akapewa jina hilohilo lililopinda,
akaliona zuri.

Kaa namba thelathini na moja,
niliyemtoa mwenyewe chini ya mkandaa ulioanguka,
alikuwa peke yake pembeni mwa karatasi.
Vijiti vitano ndipo umfikie bibi.
Na katikati ya njia, nukta. Tupu. Haina namba.

— Hii nini?
— Hapa lazima alikuwepo mwingine, wa kuwaunganisha.
Hesabu inamtaka. Ila hatujampata.
— Mmemtafuta ng'ambo?
Akaikunja karatasi, akaikunjua.
— Ng'ambo hatukwenda. Si unajua hali.

Najua hali.
Tangu mwaka ule nikimpigia Atija
anapokea mwanamke mwingine, sauti laini, ya mashine,
ananieleza kitu kwa Kireno, kisha anakata.

Nilimwomba Danstan aniachie mchoro.
Alisema ananakili mwingine, kwa hiyo huu ni wangu.
Nimeubandika ukutani juu ya ndoo ya maji ya kunywa;
unyevu umeshakula pembe moja, upande wa Kilwa.
Wateja wakija kununua kaa wanauliza ni ramani ya wapi.
Mwanangu yeye aliuliza ile nukta tu,
ile isiyo na namba, ni nani.

Nikamwambia yupo.
Hesabu inamtaka.